Yako, Yaka

Kule Butembo nikiruka kufuata mpira nilikuwa nachafuka. Goma nilikuwa nachunika. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Uwanja wetu wa mazoezi ulikuwa changarawe nyeusi ya volkano, ile inayokula hata soli ya kiatu, na siku ya kwanza sikumaliza mazoezi kabla viwiko vyote viwili havijatoka damu. Wenzangu wakacheka. "Gardien wa udongo huyo," mmoja akasema, yaani kipa wa udongo, na jina hilo likanishika msimu mzima. Nilikasirika sana. Mimi hasira zangu ziko karibu, mama yangu anajua hilo, na watu wa Goma nao hawakuchelewa kulijua.

Nilikuja kwa sababu timu ilikuwa inatafuta kipa wa pili, na mtu fulani akawaambia kuna kijana Butembo. Kocha alikuwa muzee wa mtaa wa Majengo, Mwislamu, baba zake walitoka Maniema. Akanipa chumba nyuma ya nyumba yake. Mke wake alinipikia, watoto wake waliniita kaka. Sikukosa chakula hata siku moja. Nilichokosa ni kuamini kwamba wananitaka. Kila nikifungwa goli nilikuwa nahesabu sahani ile ya jioni kuwa ya mwisho.

Sijajua hata majina ya wachezaji wote, mlima ukapasuka. Asubuhi, barabara ya kaskazini, ile ile iliyonileta, ilikuwa chini ya jiwe la moto linalotoa moshi. Ardhi ikawa inatetemeka mchana na usiku, kisha serikali ikatuambia tutoke mjini. Nikatembea na familia ya muzee hadi Sake, godoro lao likiwa juu ya kichwa changu. Tulilala kanisani, familia nzima ya Kiislamu kati ya viti vya misa, na muzee akawa ananiuliza mimi Mkatoliki kibla kiko upande gani. Nilimwonyesha upande wa mlango. Mpaka leo sijui kama nilimdanganya.

Mama akanipigia simu. "Mutoto wangu, rudia ku nyumba."

"Mama, barabara iko moto," nikamwambia.

Ilikuwa kweli. Lakini jiwe likapoa, magari yakaanza kupita juu yake tena, na mimi bado nikabaki. Niliona haya. Ningerudi vipi Butembo na viwiko vilivyochunika na sifa ya kufungwa ovyo? Nikajiambia: nitulie kwanza, nikubalike, kisha nitarudi nimeinua kichwa. Basi nikaendelea kumwambia mama asubiri.

Tuliporudi mjini, kipa wa kwanza alikuwa amekimbilia Bukavu na hakurudi. Nikawekwa golini. Mbele yangu alisimama beki wa kati, jamaa mrefu, mtoto wa mwanajeshi, aliyezaliwa na kukulia katika kambi ya Katindo. Kule kambini lugha ni Lingala. Kiswahili alikijua vizuri, lakini akipata joto la mchezo kilikuwa kinamkimbia.

Mechi ya kwanza ya maana, mpira ukapigwa juu, mpira wa kawaida kabisa, ukashuka kati yetu sisi wawili. Yeye alikuwa karibu zaidi. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Yako!" Nilitaka aupige mbali, basi. Loo! Jamaa akauacha mpira, akageuka, akaja mbio kwangu, macho yamemtoka. Mshambuliaji wao akapita nyuma ya mgongo wake na kuusukuma mpira wavuni bila haraka.

"Uliniita ya nini?" beki akaunguruma.

"Nani alikuita?"

"Weye! Umesema yaka!"

"Nimesema yako!"

"Yaka!"

"Yako, mujinga weye!"

Mwamuzi akaja kututenganisha. Watu pembeni ya uwanja walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Kwa asiyejua: yaka kwa Lingala ni njoo. Ukiandika, yako na yaka hayafanani. Lakini ukipiga kelele uwanjani, upepo wa ziwa ukivuma, herufi ya mwisho ndiyo inayokufa kwanza, na kila mtu anaimalizia kwa lugha ya mama yake. Hatukujua hilo siku ile. Mimi niliamini amenifanyia makusudi, naye aliamini hivyo hivyo.

Muzee akatuweka benchi wote wawili. "Mutakaa hapa mpaka mupate kinywa kimoja," akasema. Tukakaa, kila mtu ameangalia upande wake, tumenuna. Kisha nikasikia jamaa anacheka peke yake.

"Kumbe weye unasemaka yako?"

"Nisemeje sasa?"

"Kwetu ku kambi, yaka ni neno ya kwanza mutoto anasikia. Kila mama anaita vile, jioni yote. Ukisikia, unakimbia tu, hauulizi."

"Na kwetu sisi," nikamwambia, "mutu akikuambia yako, ujue ni shauri yako. Hakuna wa kukusaidia."

Akacheka tena, na mimi nikacheka, ingawa sikutaka. Muzee alipoelezwa akashika kichwa. Akapiga marufuku maneno yote mawili. Kipa akitoka atasema "Yangu!" Asipotoka atasema "Piga!" Atakayesema lingine atazunguka uwanja peku. Peku, juu ya changarawe ile! Hatukukosea tena.

Ndipo nikaanza kutulia. Jumapili baada ya misa nilikuwa nakula kwa mama yake beki pale kambini, visamaki vya sambaza vya kukaanga na ugali wa fufu, na yule mama alinipakulia kwanza kabla ya mwanawe. Goli letu likawa gumu. Hata yule wa "gardien wa udongo" akaanza kuniita gardien tu. Nikampigia mama: likizo hii ninakuja. Alifurahi mpaka akanipa mdogo wangu niongee naye.

Sikwenda. Waasi wakaikamata barabara ya kaskazini. Jiwe lile la moto nililingojea likapoa. Hawa niwangojee mpaka lini? Kuzunguka kwa Rwanda na Uganda kulitaka karatasi ambazo sikuwa nazo. Mama alikuwa anauliza, mimi najibu "barabara, mama," na mwishowe hata hakuuliza, tulikuwa tunasalimiana tu na kukata simu. Kaskazini waasi, magharibi milio ya silaha upande wa Sake, mashariki mpaka, kusini maji. Niliuchukia mji ule. Nilijiona kama mtu aliyefungiwa chumbani na watu wasiomwambia kosa lake.

Mpira nao ukasimama. Wakimbizi walijaa, wakakosa pa kukaa, wakajenga vibanda vya turubai uwanjani petu. Milingoti ya goli ikashikilia turubai. Siku moja nilikwenda nikasimama pale pale nilipokuwa nikisimama, na mama mmoja aliyekuwa anapika akaniuliza kwa upole kama natafuta mtu. Nikamwambia hapana.

Kisha mizinga ikasogea mpaka vioo vya Majengo vikawa vinalia. Baba yake beki alikuwa mstari wa mbele na hakuna aliyejua habari zake. Mama yake akaamua: wanavuka kwenda Bukavu kwa mjomba. Beki akaja kunitafuta mbio.

"Nitakuombea nafasi ku boti," akaniambia. "Kule Bukavu kuko ekipe inatafuta gardien. Na kutoka kule tutatafuta njia ya kwenu. Utaona mama yako."

Nikamuaga muzee, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea dua kwa Kiarabu, nami nikasema amina. Nikatoka na glovu zangu na nguo chache ndani ya mfuko wa plastiki.

Bandarini watu walikuwa wamebanana mpaka huwezi kuinama. Ilisemekana ni boti la mwisho. Beki akaniwekea begi lake miguuni. "Nishikie. Naingiza mama na batoto, halafu naenda kumuuliza kapiteni. Nafasi ikiwa iko, nitakuita." Akaingia kati ya watu, nikakiona kichwa chake kirefu kikipanda botini, kisha kikapotea.

Nikangoja. Honi ya boti ikalia. Watu wakaanza kusukumana, wengine wanalia, askari wanapiga kelele. Ndipo nikamwona tena, juu, ameegemea chuma cha pembeni, mkono mmoja umenyooka kuelekea kwangu na kwa begi lile miguuni pangu. Akapiga kelele. Nilimsikia vizuri kabisa.

"Yako!"

Hakuna nafasi, basi. Begi ni lako, shauri yako. Akarudia, akarudia tena, na mimi hasira zikanipanda: nimesikia, bwana, mara ngapi? Nikainua begi juu aone kwamba nimepokea. Halafu nikampa mgongo, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone. Nilipogeuka tena, kati ya boti na ukuta wa bandari kulikuwa na maji.

Nikarudi Majengo kwa miguu. Network ilikuwa imekatika tangu asubuhi, na ilikaa imekatika hata baada ya waasi kuingia mjini. Muzee aliponiona mlangoni alisogea nipite.

Nikakaa kitandani na kufungua zawadi yangu. Juu kulikuwa na viatu vyake vya mpira, ambavyo haviwezi kunitosha, na anajua haviwezi kunitosha. Chini yake kulikuwa na sare za shule za wadogo zake. Chini kabisa, ndani ya kitenge cha mama yake, kulikuwa na picha ya baba yake akiwa amevaa magwanda, na vyeti vya ubatizo vya nyumba nzima. Nikavitandika vyote kitandani, nikaviangalia. Hakuna mtu anayegawa vitu vya namna hiyo. Vitu vya namna hiyo unamwachia mtu unayejua anakuja nyuma yako.

Uwanjani tulikuwa tumelipiga marufuku lile neno. Bandarini hakukuwa na kocha, jamaa aliogopa, akaita kama anavyoita mama yake jioni kule kambini.

"Yaka," nikasema kwa sauti, nilisikie lilivyo.

Muzee alikuwa anatawadha nje ya dirisha. Akauliza ninamwita nani.