Sahani ya Ami Hamadi

Siku hiyo walikuwa wakipika. Ramadhani ilikuwa imekaribia, na nyumba yetu ya Malindi ilikuwa ikivunja jungu, kula na kufurahi kabla ya mfungo. Shangazi yangu, Bi Zuwena, msichana mdogo wakati ule, alikuwa akikuna nazi. Kaka yake, Hamadi, alisimama mlangoni kumtania.

"Kuna vizuri, bibi we, usitutilie kucha kwenye tui!"

Alfajiri yake, Januari ya mwaka 1964, bunduki za mapinduzi zikaanza kulia upande wa Ng'ambo.

Hayo shangazi alinisimulia mwaka jana. Huwa nakwenda kwa wazee na simu yangu, narikodi, kisha namsikilizisha kila mmoja sauti yake mwenyewe, arekebishe. Kwa shangazi nilichelewa, kwa kuwa ni wa nyumbani.

Nilimuuliza Hamadi alikwenda wapi.

"Kasafiri."

Jibu hilo nimekua nalo. Bibi yangu, mama yao, ndiye aliyelitoa, na hakuna aliyethubutu kulipinga. Ndiyo maana ami yangu hakuwahi kusomewa khitma, na kila tukivunja jungu shangazi humwekea sahani.

Nikamsikilizisha. Aliposikia neno lile aliinua mkono.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Huyo ni mama yangu anayesema, si mimi," alisema. "Washa tena, baba. Mama keshatangulia, na mimi njiani. Nikifa na neno hili, nani atamsomea kaka yangu?"

Nikawasha.

Siku ya pili ya bunduki maji yalikwisha ndani. Hamadi akachukua ndoo, akateremka. Shangazi alimtazama kupitia upenyo wa dirisha la juu.

Mtaa ulikuwa mtupu.

Alifika bombani.

Wanaume wawili wenye bunduki walitokea pembeni. Mmoja akamwita.

"Naam," Hamadi akaitika, akageuka.

Bunduki ikalia.

Ndoo ilibiringika mpaka karibu na mlango wetu. Baadaye lori lilipita, likampakia pamoja na maiti wengine. Bibi alitoka, akaiokota ndoo, akaiosha, akamshika bintiye mabega.

"Kaka yako kasafiri. Umesikia? Kasafiri."

Nilimuuliza shangazi kama alimkasirikia mama yake.

"Nimkasirikie nini? Alikuwa na watoto wengine wa kulea, na wenye bunduki wako mtaa ule ule. Angelia, nani angewalea?"

Lori lilikokwenda hatujui. Nimeuliza wengi, na nitaendelea kuuliza. Sauti ya kwanza sikuifuta. Nimeihifadhi pamoja na ya pili, kwa kuwa miaka yote hiyo tuliishi kwa ile ya kwanza.

Ijumaa iliyofuata tulisoma khitma nyumbani. Mwalimu alipouliza jina la marehemu, sisi wanaume tuliinama, kila mmoja akimngoja mwenziwe. Shangazi alijibu mwenyewe kutoka chumba cha wanawake, kwa sauti iliyofika mpaka barazani.

"Hamadi bin Saidi."

Shaabani hii tumevunja jungu kama desturi. Shangazi alipokuwa akipakua, mkono wake ulikwenda kwenye sahani ya ziada, ukatulia hapo kidogo. Kisha akaifuta kwa kanga na kuirudisha kabatini.