Wimbo wa Baba wa Jumamosi

Likizo hii nilishuka Bunda saa nane mchana. Jua lilikuwa kali, na pamba iliyodondoka kwenye malori ilikuwa imenasa kwenye majani kando ya barabara, kama inavyokuwaga kila msimu wa kuuza. Pale stendi kijana mmoja alikuwa na redio begani, na ndani ya redio gitaa la umeme lilikuwa linalia peke yake. Nikasimama na sanduku langu la shule mpaka wimbo ukaisha. Kijana akaniuliza, "Vipi dada, unataka kucheza au unataka kulia?"

Sikumjibu. Unanijua, rafiki yangu, mimi si mtu wa kujibu. Mambo yangu huwa naandika. Hili nimelibeba tangu darasa la sita, sasa niko kidato cha nne pale Musoma, na nimechoka kulibeba.

Nyumba yetu ya Kabasa ipo vilevile: bati lake, zizi la ng'ombe pembeni, ghala la pamba nyuma. Kilichoondoka ni kelele. Zamani nyumba ile haikunyamaza. Saa kumi na mbili asubuhi baba alipuliza filimbi, tukapanga mstari uani na kuhesabu namba kwa sauti, kaka wa kwanza, mimi wa mwisho. Baada ya hapo ndipo uji wa mtama, na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyopikwa na karanga. Jioni mama alichemsha sato kwa nyanya, harufu ikafika mpaka kwa jirani, naye jirani alikuwa hakosi sababu ya kuja kuazima chumvi saa hiyo hiyo.

Baba alikuwa mwanajeshi. Alipelekwa Burma na Mwingereza akiwa kijana, na kazi yake kule ilikuwa kupiga tarumbeta. Uhuru ulipokuja akabaki jeshini miaka kadhaa, akastaafu akiwa sajenti, akarudi Bunda kufundisha mgambo. Tarumbeta hakurudi nalo. Ila kila Jumamosi asubuhi alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, akapaka buti zake rangi, na wakati anasugua alipiga mluzi wimbo mmoja, ule ule, wa polepole, unaopanda na kushuka kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya bonde. Sisi watoto tuliuita wimbo wa Jumamosi. Hatukuwahi kumuuliza ni wa nini. Baba hakuulizwaga.

Kaka yangu huyo wa kwanza alikuwa mpiga gitaa. Alikuwa na bendi Musoma, vijana watano na jenereta moja bovu, wanapiga ukumbini karibu na gati. Watu walitaka rumba, nao waliwapa rumba, lakini ikifika saa ya mwisho kaka alifungua amplifaya mpaka mwisho na kupiga roki, gitaa linanguruma hadi glasi zinatembea mezani. Alivaa bugaluu, suruali pana za kufagia chini. Alifuga nywele zikawa duara kubwa. Jirani alimwambia baba, "Sajenti, kichwa cha mwanao kimekuwa kiota cha ndege."

Baba akasema, "Hata ndege ana kazi."

Siku moja kaka alikuja nyumbani na gitaa lake bila kulificha. Baba akamtazama, akaenda kuvaa buti, akarudi. "Bega gitaa," akasema. Kaka akacheka kidogo, akaliweka begani kama bunduki. "Mbele, tembea." Akamzungusha uani kuanzia saa nne mpaka ng'ombe walipoenda kunywa maji. Kulia geuka, nyuma geuka. Watoto wa majirani walipanda juu ya ukuta wa zizi kuangalia. Mwanzoni kaka alikuwa anatabasamu. Baadaye tabasamu likaisha, jasho likawa linatiririka shingoni, na bado alikuwa anapiga hatua sawasawa, kwa sababu tulifundishwa wote. Mama alisimama jikoni na mwiko mkononi. Baada ya hapo kaka na baba hawakuongea miezi mingi.

Halafu ikaja habari ya sherehe. Kijiji kipya cha ujamaa, njia ya Butiama, kilikuwa kinafungua mashine ya kusaga, na mkuu wa wilaya angekuja. Maeneo yale kila kitu kilitakiwa kunyooka, unaelewa mwenyewe ni nyumbani kwa nani. Baba akapewa gwaride la mgambo. Na katibu wa kijiji, bila kujua ni mtu na mwanawe, akaita bendi ya kaka.

Wiki moja kabla, kaka alikuja wakati baba yuko mazoezini. Akaniita ghalani.

"Wewe mwandishi," akasema, alikuwa ananitaniaga hivyo kwa ajili ya madaftari yangu, "ule wimbo wa mzee wa Jumamosi, unaujua wote?"

"Naujua."

"Mimi katikati unanipotea. Nipigie."

"Mtoto wa kike hapigi mluzi. Mama anasema nyoka wanakuja."

"Nyoka gani atakaa kwenye pamba? Nipigie bwana. Nataka mzee asikie kitu chake kwenye gitaa langu. Akikikataa na hicho, basi, nitajua hanitaki."

Nikampigia. Pamba ilikuwa imejaa mpaka darini, inameza sauti, nami nilijisikia niko salama kabisa mle ndani. Nilipiga mara tatu. Pale katikati nilimrekebisha mwenyewe, nikamwonyesha kwa kidole sauti inavyopanda. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile kulikuwa na kitu ambacho mimi nilikijua kuliko mwingine. Nilifurahi, nisikufiche.

Siku ya sherehe tulienda na mama kwenye lori la pamba, tumekaa juu ya magunia matupu, vumbi limetupaka nyuso. Mgambo walipita mbele ya mkuu wa wilaya na bunduki zao za mbao, mguu mmoja, na baba mbele yao amenyooka kama nguzo ya simu. Watu wakapiga vigelegele. Mashine ikawashwa, unga wa kwanza ukapitishwa kwa wageni wauguse. Kisha bendi ikapanda jukwaani. Rumba mbili, watu wakacheza. Kaka akasogea kwenye kipaza sauti, nywele zake hakuzikata ila alizifunga kitambaa, na akasema kwa sauti ndogo, "Huu ni wa mzee wangu."

Akaanza polepole, gitaa safi, bila kuliungurumisha. Wimbo wa Jumamosi ukatoka kwenye spika na kwenda mpaka vilimani. Hakukosea hata mahali pamoja.

Mgambo wakavua kofia.

Wote, kwa pamoja. Wakageuza bunduki za mbao midomo chini, wakainamisha vichwa. Kwanza nilidhani ni heshima kwa baba, na moyo wangu ukajaa. Kisha nikamwona mkuu wa wilaya anasimama, naye anavua kofia, anamnong'oneza katibu, "Nani amefariki?" Katibu hakujua. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto wa kiume katika mgambo akapiga ukelele wa msiba. Wengine wakaupokea, kama ilivyo kwetu, ukisikia kilio unalia kwanza, jina la marehemu utalisikia baadaye. Na kaka, macho amefumba, akidhani ni shangwe, akawapa ishara wenzake. Ngoma zikaingia. Amplifaya ikafunguliwa. Wimbo ule ukageuka roki katikati ya kilio.

Baba alitembea mpaka kwenye jenereta, akaizima. Kilio kikabaki peke yake kidogo, kikafa. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, nilisikia kila neno.

"Huo unapigiwaga maiti," baba akasema. Hakupaza sauti. "Tuliwapigia wenzetu kule msituni, na kila Jumamosi bado nawapigia. Mwezi wa tatu nimewafundisha vijana hawa kwa mluzi, tulipomzika mwenzao mmoja. Haupigwi bila maiti. Maiti yuko wapi?"

Kaka akashusha gitaa begani.

"Basi ni wewe," baba akasema. Akawageukia mgambo. "Vaeni kofia."

Nilitakiwa niseme pale pale. Baba, hakujua. Ni mimi niliyempa, na mimi sikujua. Maneno manane au tisa. Niliangalia vidole vya miguu yangu, vilikuwa na unga wa mashine mpya, nikavihesabu.

Asubuhi yake baba alinyoa kichwa. Kwetu ukifiwa unanyoa. Kabasa nzima ilimwona anapita kwenda sokoni na kichwa kinang'aa, na hakuna aliyethubutu kumpa pole wala kumwuliza. Tulipopanga mstari, namba ya kwanza akampa kaka anayefuata, sote tukasogea. Siku ya tatu kaka alikuja kuomba radhi. Alifika mpaka kwenye mkonge wa mpaka wa shamba, nilipokuwa naokota kuni, akamwona baba kwa mbali anakata majani ya ng'ombe. Akaniuliza, "Mzee kanyoa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wewe usiwaze," akaniambia, "hukufanya kitu." Hapo ndipo nilipojua kwamba hajanitaja kwa mtu, na hatanitaja. Akageuka, akaenda zake. Baadaye mama akawa anapata barua kutoka Kisumu, ya kwamba kaka anapiga hotelini na anakula vizuri. Baba hakutaka kusomewa. Mwaka huu mpaka wa Sirari ukafungwa, na barua nazo zikakoma.

Sasa nikuambie nilichofanya likizo hii. Kusema nilishindwa, kama kawaida. Nikaandika ukurasa mmoja kwenye daftari, habari yote ya ghalani, nikaliacha wazi kwenye kiti cha baba na kwenda kisimani. Niliporudi alikuwa analisoma, kidole chini ya mstari. Alisoma hadi mwisho, akaanza tena juu.

"Hakujua?" akauliza.

"Hakujua, baba. Alitaka ufurahi."

"Na wewe ulikuwa unajua kwamba hakujua. Miaka yote hii."

"Ndiyo."

Nilisubiri fimbo, au filimbi, au lolote. Alifunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha mgeni. Alfajiri akapanda basi la Tarime.

Alirudi siku ya tatu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama akampa maji. Alikunywa yote, ndipo akasema, "Nimewaambia askari wa pale mpakani nina mtoto upande wa pili. Wakasema, mzee, huku kila mtu ana mtoto upande wa pili. Nikawaambia wa kwangu anapiga gitaa. Wakaniuliza jina."

Akalitaja. Mama akashika ukuta. Jina lile halikuwa limesikika ndani ya nyumba yetu tangu siku ile ya mashine.

Tangu hapo baba analitaja kila siku, wakati mwingine bila sababu, akiita mbuzi au akitafuta jembe. Kichwa alichokuwa ananyoa miaka yote ameacha kukinyoa, nywele zimeota nyeupe. Ila jioni redio ikitangaza habari za mpakani anaizima kabla haijamaliza, na sisi hatumwulizi anaogopa kusikia nini. Kwetu kaka amefufuka, rafiki yangu. Yeye mwenyewe tu ndiye hana habari, na sijui kama bado yuko hai wa kupewa.