Mkato wa Tatu

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Shomari wa Kibuta hakuwa na subira hiyo. Yeye alifuata ndege. Nyuki wa nini, alikuwa akisema, mdogo kama punje ya ulezi, wakati mlembe anakuja mwenyewe mpaka uani kwako, anapiga kelele kama mtu aliyenyimwa haki yake, kisha anakuongoza mti kwa mti hadi kwenye tundu lenye asali? Kazi yako ni kumjibu kwa mluzi njia nzima, na ukimaliza kurina umwachie sega lake juu ya gogo. Usipomwachia, siku nyingine atakuongoza vilevile, kwa furaha ileile, lakini mwisho wa safari utakuta chui au nyoka.

Kwa hiyo asubuhi moja ya kiangazi, mwaka wa tatu tangu nzige walipomaliza mashamba ya Kisarawe, mlembe alipompeleka moja kwa moja mpaka kwenye chatu, Shomari alisimama akajiuliza swali moja tu. Safari iliyopita nilimlipa, au sikumlipa?

Chatu alikuwa amejilaza juani, ameshiba, tumbo limevimba kwa paa aliyemmeza. Hakuwa na shida na mrina asali. Shomari alimzunguka kwa mbali, shoka begani, kibuyu kiunoni, na kilichomtoa jasho si chatu bali lile swali. Aliikumbuka asali ya safari iliyopita na weusi wake. Alimkumbuka nyuki aliyemuuma chini ya jicho. Sega la ndege hakulikumbuka hata kidogo.

Mlembe aliendelea kuita huko mbele, maana chatu hakuwa mwisho wa safari. Mwisho ulikuwa mkongo mkubwa ukingoni mwa korongo, na juu kwenye tundu la mti nyuki walikuwa wakiingia na kutoka. Shomari alishusha shoka akatabasamu. Kisha akaona gome. Usawa wa kifua chake palikuwa na mikato miwili iliyolala sambamba, mibichi, hata utomvu haujakauka. Ilikuwa alama yake mwenyewe.

Desturi ya warina asali wa upande ule ilikuwa nyepesi kueleweka. Ukiona nyuki na asali haijaiva, unakata alama yako kwenye gome unakwenda zako. Mti ule ni wako, na hakuna atakayeugusa, hata kama mgonjwa wake anadai asali ya dawa. Lakini si haki kukata alama ovyo, kwani anayetia alama miti asiyoweza kuirina amewafungia wenzake msitu. Na tangu mwezi uliopita warina wenzake walikuwa wananung'unika kwamba Shomari anakata alama kila mahali. Yeye alikuwa amecheka. Sasa hakucheka, kwa sababu mti huu hakuutia alama. Alipiga hesabu ya siku zake zote za karibuni, akaona hajafika korongo lile tangu mvua za vuli.

Alirudi nyumbani bila asali na hakumwambia mkewe neno. Biasha alikuwa mwanamke mpole ambaye akisema jambo mara moja harudii. Baada ya Ramadhani iliyopita, Shomari alipotoka msituni kwa njia isiyo yake akatokea milimani Kisarawe badala ya Kibuta, akafika nyumbani kesho yake miguu imevimba, Biasha alimkanda kwa maji ya moto akasema, "Baba Mwanajuma, ukipotea tena, shoka nalifungia ndani." Na Shomari bila msitu angekuwa nini? Shamba lao lilimjua Biasha zaidi kuliko lilivyomjua yeye. Kusuka mikeka hakuweza, biashara hakuijua, na kukaa kivulini alikuona kama kuzikwa kabla ya wakati.

Wiki mbili hazikupita akakuta mti mwingine. Mvule, mikato miwili. Halafu wa tatu. Alikaa chini ya mti huo wa tatu mpaka jua likahama, anaitazama ile mikato kana kwamba itamwambia. Jini? Majini hawana shida na shoka. Mwizi? Mwizi gani anakuibia kwa kukuandikia mali? Alizunguka na mawazo hayo mpaka kichwa kikauma, na ndipo jina la Hilario likamjia, na likampa faraja kubwa.

Hilario alikuwa Mluguru, aliyeshuka kutoka milimani kwao zamani na mapadri wa Pugu, akaoa Kibuta, akapanda mihogo na mikorosho. Alirina asali pia, na alama yake ilikuwa msalaba. Zaidi ya yote alikuwa mtani wa Shomari, maana Waluguru na Wazaramo ni watani tangu enzi. Miaka ishirini walikuwa wakitukanana kwa mapenzi. Hilario akimwona mbali aliita, "We Mzaramo, bado hujafa? Nimekuja kuipima ile kanzu yako nitakayoirithi, isije ikanibana siku ya maziko yako." Na Shomari alimjibu kwamba kanzu haivaliwi na mla panya. Siku moja Hilario alibeba jogoo wa Shomari mchana kweupe, akamla, akaleta manyoya, na hakuna aliyeweza kumfanya kitu, kwa kuwa mtani hanuniwi. Nani mwingine basi angekuwa na ujinga wa kuzunguka msitu mzima akikata alama ya mwenzake?

Kwa hiyo Shomari alingoja Hilario acheke. Walikutana kisimani, Hilario hakucheka. Walikutana msibani, Hilario akatania kila mtu, hata maiti, lakini juu ya miti hakusema kitu. Shomari alipomuuliza, "Mtani, nani anakata alama yangu?" Hilario alimtazama kwa muda, akamtazama sana, kisha akasema anakwenda kufunga mbuzi. Shomari hakuelewa. Na mtu asipoelewa kwa siku nyingi, mwishowe hukasirika, kwa kuwa hasira angalau ina njia. Akaenda kwa Jumbe Zahoro akamshitaki.

"Tangu lini mtu akamshitaki mtani wake?" Jumbe aliuliza mbele ya baraza, na watu wakainamisha vichwa kwa aibu, si ya Hilario bali ya Shomari.

"Utani una mpaka, Jumbe," alisema Shomari. "Wenzangu wananiita mchoyo wa msitu. Jina langu linaharibika, na ile miti sikuitia alama mimi."

Biasha alikuwa amekaa upande wa wanawake, mikono mapajani. Hilario alisimama. Alimtazama Biasha, akamtazama Shomari, akavua kofia yake.

"Ni mimi, Jumbe," alisema. "Nilifanya utani, ukanizidi."

Jumbe hakuwa na la kufanya. Warina walikuwa wamekwishalalamika na kosa limekiriwa. Akaamua Hilario asiingie msituni na shoka mpaka mvua za masika zipite. Shomari alirudi nyumbani ameshinda, na ushindi wenyewe ulimkaa vibaya. Asubuhi iliyofuata alikutana na Hilario njiani, akamngoja atukane. Hilario alisema, "Habari za asubuhi, Bwana Shomari," akapita. Bwana Shomari! Miaka ishirini hajawahi kuitwa hivyo na mtu yule, na iliuma kuliko tusi lolote.

Ili jambo lisitokee tena, Shomari alibadili alama yake. Kwa mikato miwili aliongeza wa tatu, akaapa kutomwambia kiumbe yeyote, hata Biasha. Sasa atakayeigiza ataigiza alama ya zamani na atajulikana. Aliufurahia ujanja huo siku kadhaa. Kitu pekee kilichomsumbua siku zile ni kikopo chake cha ugoro, ambacho alikitafuta uvunguni, jikoni na bandani kwa kuku, na kumlaumu kila mtu.

Kisha mlembe akaja tena uani, na Shomari akamfuata. Walipita kichaka walimolala nguruwe pori, na Shomari akajua kabla ya kuwaona kwamba jike ana watoto, akazunguka upande wa upepo. Walipita mti wa mtondoro ulioanguka mwaka ule wa mafuriko. Kila kitu alikijua, kila kisiki. Ndege akatua kwenye mkongo mwembamba akanyamaza, kama anavyofanya wakifika.

Kwenye gome palikuwa na mikato mitatu. Na kwenye panda la mti, mahali ambapo mtu huweka kitu ili mikono iwe huru kushika shoka, kilikuwepo kikopo cha ugoro.

Shomari alikichukua, akakifungua, akakifunga. Aliweka kidole kwenye mkato wa tatu. Ulikuwa umeinama kidogo kulia, kama mikato yake yote ilivyoinama tangu alipovunjika kiganja. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na habari ya mkato ule. Alijaribu kujiona akisimama hapa, jana au juzi, akipiga shoka mara tatu, akienda zake. Hakuona kitu. Ilikuwa kama kuangalia ndani ya kisima kisicho na maji. Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kumwogopa chui, na pale chini ya mti alilia. Hapo ndipo mawazo yalipomrudisha barazani, kwa Hilario aliyevua kofia yake akakiri kosa ambalo halikuwa lake.

Alimkuta akipalilia mihogo. "Karibu, Bwana Shomari," alisema Hilario.

"Usiniite Bwana," alisema Shomari. Akamwonyesha kikopo, akamweleza mkato wa tatu. "Ulijua?"

Hilario aliegemea jembe. "Nilikukuta mwezi ule korongoni, unakata alama kwenye ule mkongo. Nikakusalimu, ukaniitikia, ukanipa na ugoro. Baadaye ukaniuliza nani anakata alama yako. Nilidhani unanitania. Nikakuangalia usoni, nikaona hutanii."

"Kwa nini hukusema barazani?"

"Niseme nini? Mbele ya Biasha? Kijiji kizima kinajua alivyokuapia kuhusu shoka. Mimi nina mihogo, nina mikorosho, nina kanisa Jumapili. Kukaa nje ya msitu mpaka mvua zipite si kitu kwangu. Wewe una nini, zaidi ya ndege?"

Shomari alikaa kwenye tuta la mihogo, na Hilario akaendelea kupalilia kumzunguka, taratibu, asimkate mguu.

Kesho yake Shomari alimwomba Biasha afuatane naye kwa Jumbe. Njiani hakumweleza kitu, kwa kuwa alijua akilisema mara moja hatakuwa na nguvu ya kulisema tena. Alisimama palepale aliposimama siku ya mashitaka. "Jumbe, ile miti niliitia alama mwenyewe," alisema. "Sikusema uongo. Nilisahau. Hata sasa sikumbuki, lakini mkono ni wangu. Mrudishie Hilario msitu wake, maana mtani wangu amebeba mzigo usio wake."

Jumbe Zahoro alijikuna ndevu, akatazama huku na huku, asijue kama hukumu yake ilikuwa halali au la, mwishowe akasema imefutwa. Walipofika nyumbani Biasha alilichukua shoka nyuma ya mlango, akaingia nalo ndani, na Shomari akasikia sanduku likifungwa. Alikaa barazani kwake mchana kutwa. Mlembe alikuja jioni akaita kwenye mwembe, akaita sana, na Shomari hakupiga mluzi.

Asubuhi kulipopambazuka palisikika hodi.

"Shikamoo nyumba ya wasahaulifu," Hilario alisema mlangoni. "Mama Mwanajuma, nimekuja kumchukua huyu mzigo wako nikamtupe porini. Nikimpoteza usinidai."

Biasha aliingia chumbani. Alitoka na shoka, akampita mumewe, akaliweka mikononi mwa Hilario. "Shoka utabeba wewe, shemeji," alisema. "Na yeye utamrudisha wewe."

Walikwenda wakiwa wawili, Shomari mbele kwa sababu ndiye aliyejua njia, Hilario nyuma na mashoka mawili, akitukana tangu kisimani mpaka korongoni. Ndege aliwapata, akawapeleka kwenye mvule. Shomari alipanda mwenyewe na mwenge wa moshi, akarina, akaumwa mara mbili, akashuka na kibuyu kimejaa. Wakaondoka.

Hawajafika mbali Shomari alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mtani," alisema, "yule ndege nimemlipa?"

"Umlipe wewe? Mchoyo wa Kizaramo! Hata nta umeramba. Rudi upesi, kabla hajatuitia chui."

Shomari alirudi karibu mbio, na kanzu ikinaswa na miiba. Pale chini ya mvule, juu ya gogo, sega jeupe lilikuwa limewekwa vizuri kwenye jani, kama alivyozoea kuliweka yeye mwenyewe, na mlembe alikuwa amesimama juu yake akila. Shomari alimtazama mpaka akahakikisha. Nyuma yake, kule njiani, alimsikia Hilario akicheka peke yake.