Kahawa Shavuni

Mganga mfawidhi alipotia saini barua yangu ya ruhusa kwa mara ya tatu, hakukaa hata kitini. Alisaini amesimama, akanirudishia karatasi na kusema, "Sista, hii ndiyo ya mwisho. Ukikosa safari hii, mwakani nampitisha mwingine." Nilimshukuru kwa adabu zote, nikatoka, nikaenda nyuma ya jengo la upasuaji nipate kutukana peke yangu.

Jengo lenyewe ndilo lililokuwa linanitia wazimu. Kituo chetu cha afya, huku Muleba, kina chumba kipya cha upasuaji. Kitanda kipo, taa kubwa ipo, daktari wa kupasua yupo. Asiyekuwepo ni mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi na kumwamsha salama. Basi kitanda kilibaki na nailoni yake ya dukani, na kila mama aliyeshindwa kujifungua tulimpakia kwenye gari la wagonjwa tukampeleka Bukoba. Mmoja wao, mama aliyetoka Ngenge, alinishika mkono akaukaza tangu tulipoondoka. Tulipofika Izigo, mkono ukalegea. Nilimpigia dereva kelele akimbize, naye akakimbiza kweli, lakini mimi nilikuwa nimeshajua. Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu, nikasomee dawa za usingizi, nirudi nichane ile nailoni kwa mikono yangu.

Chuo kilichukua watu wachache na waombaji walikuwa utitiri. Mara ya kwanza waliniacha bila hata kuniita. Mara ya pili nilifika kwenye usaili, wakaniuliza nimefanya kazi miezi mingapi katika chumba cha upasuaji, nikawaambia hata mmoja. Ningefanya kazi gani katika chumba ambacho kitanda chake hakijafunguliwa? Mara hii ya tatu nikajipanga. Nilichukua likizo yangu yote, nikahamia kwa mama mdogo mjini Bukoba, na hospitali moja pale ikanikubalia nikae bega kwa bega na mtaalamu wao wa usingizi. Nikimaliza, yeye angeniandikia barua ya kunipendekeza. Bila barua hiyo mfumo wa maombi haupokei kitu, na dirisha lilikuwa linafungwa Ijumaa ya mwisho ya likizo yangu.

Mtaalamu huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa mjini, Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani akaoa huku. Hospitali nzima ilimwita Mama Usingizi. Hakuwa mtu wa kuchekacheka. Wiki ya kwanza alinishikisha taya za wagonjwa mpaka vidole vikafa ganzi, na nikiinua tu macho alinifokea, "Unaangalia saa ya nini? Mwangalie kifua!" Nilimwogopa na nilimpenda. Nyumbani kwa mama mdogo nilisoma hata wakati wa kumenya ndizi, akawa ananitania kwamba siku moja nitazilaza usingizi kabla hajazipika.

Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kupita vitandani kuwauliza wale wanaopasuliwa siku hiyo kama wamekula au kunywa. Hilo si swali la adabu tu. Mtu akilazwa usingizi tumboni mna kitu, kitu hicho kinaweza kupanda kikaingia mapafuni, na hapo utamtafuta mtu usimpate. Mama Usingizi alinikabidhi swali hilo wiki ya pili, na mimi nikalibeba kwa fahari.

Jumatatu ya wiki ya mwisho nilimkuta mzee mmoja wa henia, kitanda cha dirishani, mkewe kando yake. Nilimsalimia kwa Kihaya, nikapiga goti kama nilivyolelewa. Nyuso zao zikafunguka. Waliniuliza kwetu ni wapi, nikawaambia, nikawaeleza na habari za maombi yangu ya shule, maana nilikuwa siwezi kuongea na mtu dakika tano bila kuyataja. Yule bibi akafungua kifurushi cha jani kavu la mgomba akanikaribisha akamwani, zile kahawa zetu za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake. Kwetu mgeni hajafika mpaka awe ametafuna. Nikapokea kwa mikono miwili, nikatia shavuni. Mzee naye akachota, akatia shavuni. Tukatafuna, tukaongea habari za mvua na ugonjwa wa migomba. Kisha nikafungua faili.

"Tata," nikamwita, yaani baba, "umekula chochote?"

"Sijala tangu jana, waitu," akajibu kwa neno letu la heshima.

"Na kunywa?"

"Hata maji."

Nikaandika kwamba hajala wala hajanywa. Niliandika hivyo huku natafuna.

Naapa mzee yule hakusema uongo, na mimi sikuandika uongo. Sisi sote watatu tulijua chakula ni nini. Chakula ni ndizi. Kahawa ni salamu.

Saa nne akaingizwa chumbani. Henia kwa kawaida hufanywa kwa sindano ya mgongo, mgonjwa akiwa macho, lakini ya mzee haikushika. Daktari alipomgusa kwa kisu, mzee alipiga ukelele. Mama Usingizi akaamua ampe nusu kaputi. Dawa ikaingia, mzee akalala, na kabla mpira wa kupumulia haujapita kooni, akatapika. Katika yale maji, juu ya shuka la kijani, nikaona maganda. Niliyatambua mara moja. Kipande cha maganda hayohayo kilikuwa bado kimenikwama katikati ya meno.

Mama Usingizi alimgeuza ubavu, akafyonza kwa mashine, akatia mpira, akafyonza tena. Mimi nilishika taya. Mzee hakufa. Lakini alirudishwa wodini na oksijeni, kifua kikikoroma, na hakuna aliyejua kama ataiona kesho.

Alasiri mzee alipoweza kujibu, Mama Usingizi alisimama miguuni pake, mimi nikiwa nyuma yake. "Mzee, ulikula nini?"

Mzee aliniangalia. Kisha akaangalia dari. "Nilitafuna kahawa, mama," akasema ndani ya kile kifuniko cha oksijeni. "Nilificha. Njaa ilinishika."

Mkewe akainama. Mama Usingizi akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa alidanganya, akanigeukia akaniambia, kwa upole ambao hakuwahi kunionyesha, "Usijilaumu. Barua yako nitakupa kesho." Nikasema asante. Nimeshasema maneno mengi ya kijinga maishani, lakini ile asante ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Barua ilikuja Jumanne kama alivyoahidi. Ilinisifu. Ilisema mimi ni makini. Niliikunja nikaitia ndani ya Biblia yangu, nikaona haya, nikaihamishia mkobani. Jumatano nilikwenda kumwona mzee. Yule bibi alichungulia kama kuna muuguzi karibu, akanikaribisha kahawa tena. "Chukua, mwanangu. Mzee amesema tusikuharibie shule." Kukataa akamwani ya mtu ni kumtukana. Nilipokea, nikazifumbata, sikuweza kuzitia mdomoni. Nilitoka nazo hadi nje zikiloa jasho la kiganja.

Nilibishana na nafsi yangu siku nzima. Mzee si anapata nafuu? Neno moja kwenye faili litamuua nani? Akina mama wangapi watapona nikisoma? Mganga mfawidhi amesema hakuna mwakani. Nilijiona nina haki, kisha nikajichukia kwa kuiona haki hiyo, kisha nikamkasirikia hata mzee wa watu kwa kunihurumia. Nani alimwomba? Mama mdogo aliniuliza mbona ndizi zinaungua, nikamjibu vibaya, nikaenda chooni kulia.

Alhamisi asubuhi nilipoingia wodini, yule bibi hakuwepo. Walikuwa wamemtoa nje. Muuguzi wa zamu alikuwa anapekua kikapu chake kutafuta vyakula vya kuficha, na alimwambia mzee kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha mwisho, "Mwongo mkubwa wewe, na mvi zote hizo!" Mzee wa watu alikuwa amegeukia ukutani. Watu wa vitanda vingine walicheka kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na barua yangu mkobani. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi sikungoja kilio.

Nilimkuta Mama Usingizi anahesabu sindano. "Mama, mzee hakuficha. Nilikuwa natafuna naye."

Hakunielewa. Nikamweleza yote, jani la mgomba, goti langu, faili, maganda kwenye meno. Nilipomaliza alinyoosha mkono. "Barua." Nikampa. Akaichana mara mbili, akaitupa kwenye ndoo ya taka. Kisha akaketi.

"Nimezaliwa mji huu," akasema, bila kuniangalia. "Kahawa hizo nimeziona tangu nikiwa mtoto. Miaka yote nauliza chakula." Akazirudia sindano zake. "Nenda kwenu."

Kwanza nilipita wodini nikapiga magoti kando ya kitanda cha mzee, magoti kamili safari hii, nikamwambia nimeshasema. Alinitazama kwa huzuni ya kweli. "Mwanangu, umejiharibia," akasema.

Ijumaa nilikuwa Muleba, katika duka la steshenari, mbele ya kompyuta. Vyeti vilikuwa ndani. Leseni ilikuwa ndani. Ruhusa ya mwajiri ilikuwa ndani. Palibaki kisanduku kimoja kimezungukwa na rangi nyekundu, cha barua ya kupendekezwa, na mfumo ungefungwa saa kumi na mbili. Kwa nini nilikwenda kukaa pale, sijui. Nadhani nilitaka kushuhudia mazishi yangu. Mwenye duka aliniuliza kama nimemaliza, mara mbili, nikamjibu bado kwa ukali ambao hakustahili. Saa kumi. Saa kumi na moja. Nilimwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua, na nikamkaripia kwa zote.

Saa kumi na moja na nusu simu ikatikisika. Ilikuwa picha kutoka kwa Mama Usingizi, ya karatasi yenye mhuri, na chini yake maneno mawili tu: "Ukitaka, tuma." Niliifungua macho yakiwa yameshajaa.

Aliandika kwamba mwombaji huyu alifanya kosa kubwa chini ya usimamizi wake, kosa lililokaribia kumuua mgonjwa, na akalitaja kosa lenyewe, kahawa na yote. Aliandika kwamba mgonjwa alibeba lawama na hakuna ambaye angejua, lakini mwombaji alikuja kusema mwenyewe. Mwisho akaandika hivi: "Nikilazwa mimi, naomba yeye ndiye akae kichwani kwangu."

Kutuma barua inayokushtaki kwa watu wanaotafuta sababu ya kukuacha, ni akili au wazimu? Sikuwa na nafasi ya kufikiri. Mtandao ulizunguka, ukazunguka, mimi nikaushika ukingo wa meza kama vile kompyuta itakimbia. Kisanduku kikawa kijani. Nikabonyeza tuma. Likaja neno moja, "Yamepokelewa", na simu ikalia papo hapo.

Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Kuna mama, uchungu tangu jana, mtoto amelala vibaya, muuguzi wa zamu yuko peke yake na hawezi kuondoka. Likizo yangu ilikuwa haijaisha. Nilikimbia.

Mgonjwa alikuwa binti mdogo, mimba ya kwanza, amekuja na mama mkwe wake. Nilipanda nyuma, nikafunga dripu, gari likaondoka. Nikatoa fomu ya rufaa na kalamu. "Mama, umekula nini leo?"

"Sijala kitu, sista."

"Umekunywa?"

"Hapana."

Kalamu yangu ilikuwa tayari imegusa karatasi. Nikaiinua. "Na kahawa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama amepumua. Kisha akatia kidole mdomoni, akazitoa shavuni, tatu, akaziweka kwenye kiganja changu. Mama mkwe wake alimpa wakati wa kutoka nyumbani, binti akasema, za kumtia nguvu njiani.

Niliandika kwa herufi kubwa, nikapigia mstari chini, nikaandika na saa, ili yule atakayekaa kichwani kwake Bukoba asidanganywe na mtu yeyote. Majibu ya chuo yangekuja au yasije. Nailoni ilikuwa bado iko pale pale kitandani. Tukaingia Izigo, nikaacha kuandika, nikampa mkono, na tukaipita Izigo yote bado amenikaza.