Lebo Kwenye Mfuniko wa Jirani

Mashine ya lebo niliinunua Mbeya, tulipokuwa tukisubiri gari la kwenda Tukuyu. Ni kidude cha kushika mkononi, chenye vibonye vya herufi. Unaandika neno, unabonyeza, kinalia kama panzi, na utepe mweupe wenye gundi nyuma unatoka ukiwa na neno lako. Niliwaambia wanangu ni zawadi yao ya likizo. Ukweli ni kwamba nilijinunulia mwenyewe. Nilikuwa na riwaya isiyotaka kwisha na watoto wawili wasiotaka kunyamaza, na nilikuwa nimepiga hesabu kwamba kila lebo ingenipa walau sentensi moja.

Hesabu ilikubali. Kwa mama yangu, mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu, ukungu wa Juni ulishuka mpaka kwenye migomba na watoto hawakuwa na pa kwenda, kwa hiyo wakaipa nyumba nzima majina. MLANGO. DIRISHA. CHUMVI SI SUKARI. Siku ya kwanza nilicheza nao. Niliwaandikia NENDA WANAPOLALA KUKU, na huko wakakuta lebo nyingine inayowapeleka kwenye ndoo, na ya ndoo ikawapeleka mpaka kwenye pipi niliyoificha ndani ya kiatu cha bibi yao. Baada ya hapo niliwaachia wajichezeshe wenyewe. Binti yangu, aliye darasa la nne, akabandika BIBI TU, WENGINE MSIMAME kwenye kigoda cha mama. Mdogo wake wa kiume, aliyeanza kusoma mwaka huu, alimkimbiza jogoo uwanjani akiwa na lebo iliyosema MCHUZI.

Mama alifurahi kuliko sisi sote. "Gwe, wewe mtoto," alimwambia mjukuu wake, "na mimi nibandike, nisije nikapotea sokoni." Mtoto akamwandikia BIBI YETU, naye akaivaa kwenye sweta mpaka sokoni na kurudi, akisimama kumwonyesha kila aliyemsalimia.

Kisha jirani yetu wa upande wa chini akafariki. Alikuwa mwanamke wa rika la mama, mjane. Mimi na binti yake tulikwenda shule pamoja chini ya jani moja la mgomba, kila mmoja akivutia upande wake mvua isimlowanishe. Uwanja wao ni mdogo, hivyo mapishi ya msiba yakafanyika kwetu. Akina mama wakaleta vyombo, na kila chombo kilitoka kwao na alama yake. Chupa ya chai ya fundi cherehani ilifungwa uzi mwekundu kwenye mkono wa kushikia. Sufuria la mama mwenye duka, ambaye ni Mwislamu, lilipigwa mstari wa rangi ya kijani. Wengine walikwaruza msalaba kwa msumari, wengine walidondoshea rangi ya kucha. Sufuria la marehemu mwenyewe, ambalo halikukosekana kwenye msiba wowote mtaani, lilikuja na lenyewe, mfuniko wake ukiwa na nukta tatu za pinki. Watu wakapikiwa humo kwa ajili ya msiba wa mwenye sufuria.

Siku ya kumaliza matanga, mama alikuwa anakwenda na wenzake kufagia na kufua kule msibani. Aliniita jikoni.

"Vyombo viko stoo, la mama duka liko chumbani kwangu. Jioni wenyewe watavifuata. Alama zote mjukuu wangu anazijua, nimemfundisha. Wewe simamia tu."

"Sawa, mama."

Alinitazama kidogo. "Au twende wote, watoto wabaki na vyombo?"

Nikamwambia nina kazi. Sikumwambia ni kazi gani. Nilikuwa kwenye sura ambayo mhusika wangu anamzika mama yake, na kwa wiki nyingi ilikuwa imenigomea.

Nikawaita watoto. "Leo mchezo mkubwa," nikasema. "Kila chombo kipate lebo ya mwenyewe. Ila kwanza kisafishwe king'ae kabisa, gundi haishiki penye uchafu." Niliwapa stilwaya na beseni la maji, nikafunga mlango.

Sijawahi kuandika kama nilivyoandika mchana ule. Nje nilisikia stilwaya ikisugua alumini, halafu panzi yule akilia, halafu kicheko, halafu stilwaya tena. Nilijiona mama hodari. Watoto wanasaidia, wanajifunza kuandika, hawagombani, na mimi maneno yananijia yenyewe. Mara moja tu mlango ulifunguliwa.

"Mama, hili la yule bibi tuandike nani?"

"Bibi yupi?"

"Aliyefariki."

"Andika marehemu," nikasema bila kuinua kichwa. "Na mfunge mlango, baridi inaingia."

Jioni akina mama wakaja pamoja na mama yangu, wamechoka, khanga zimelowa miguuni. Vyombo vilikuwa vimepangwa barazani, vinang'aa kama vya dukani, kila kimoja na kitambulisho chake cheupe. FUNDI. MAMA DUKA. MWALIMU WA KONA.

"Uzi wangu mwekundu uko wapi?" akauliza fundi cherehani.

"Tumeutoa, bibi," alijibu binti yangu. "Sasa kuna jina."

"Jina mpaka nivae miwani. Uzi wangu nilikuwa nauona tangu barabarani!"

Wakacheka. Mama mwenye duka akanyanyua sufuria lake, akalinusa kwa mbwembwe. "Na langu hili, mmeliogesha beseni moja na yale ya kitimoto?"

"Lako siku zote hizi lilikaa chumbani kwangu peke yake," mama akamwambia, "kama bibi harusi."

"Haya, nitadai mahari basi."

Mama alicheka nao, lakini nilimwona anavipitia vyombo kwa macho kimoja kimoja. Kisha akageuka kunitazama, na kicheko kilikuwa kimekwisha usoni mwake. Nilikuwa bado sijaelewa.

Binti wa marehemu aliingia mwisho. Alimsalimia mama, akanipa mkono, akainama mbele ya vyombo. Majina hakuyasoma. Alikuwa anatafuta kitu kingine.

"La mama lina nukta tatu za pinki," akasema. "Kwenye mfuniko. Aliniibia rangi ya kucha nikiwa sekondari akazipaka kwa kidole. Nilinuna, jamani! Nikamwambia, umeniharibia rangi yangu kwa ajili ya sufuria." Akatabasamu. "Nilikuwa nawaza hizo nukta tangu asubuhi."

Mwanangu akachomoka na mfuniko mikononi. "Hili hapa, anti! Hili niliandika mimi. Nimeweka na maua."

Mashine ile ina fremu za kupamba. Alikuwa amechagua ya maua. Katikati yake, kwa herufi kubwa zilizonyooka: MAREHEMU.

Binti wa marehemu alilisoma neno lile, kisha akapitisha kidole gumba pembeni yake, pale ambapo alumini iling'aa zaidi.

"Zimetoka?"

"Tulisugua mpaka zikatoka zote," akajibu mwanangu kwa fahari. "Zilikuwa ngumu!"

Nikasema, "Watoto hawa, jamani."

Nilisema hivyo. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo linalonijia nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye foleni benki. Binti yangu alinigeukia, hana hasira, ameshangaa tu.

"Mama, si wewe ulisema tusafishe kabisa? Na marehemu si wewe ulituambia?"

Akina mama wakaanza kuangalia vyombo vyao.

"Ni mimi," nikasema. "Nisamehe, dada. Nilikuwa naandika."

"Ulikuwa unaandika nini?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli. Ningemjibu nini? Kwamba nilikuwa namlilia mwanamke ambaye hajawahi kuwepo, ilhali mama yake yeye alisongewa ugali wa mwisho hatua chache kutoka dirishani kwangu na sikutoka hata kukoroga?

Alianza kuibandua lebo kwa ukucha, taratibu. Ilipotoka hakuitupa. Aliikunja, akaniwekea kiganjani, ikanata.

"Anti," binti yangu akasema kwa sauti ndogo, "naweza kuandika nukta." Akabonyeza, panzi akalia, na nukta tatu nyeusi zikatoka.

Binti wa marehemu akazitazama. "Zimenyooka mno, mwanangu. Za mama zilikuwa zinapanda mlima." Kisha akamshika mkono, akamshika na mdogo wake. "Njooni nyumbani. Sijui kama rangi ninayo, tukatafute."

Walikwenda na mfuniko. Niliwafuata mpaka kwenye ua, nikasimama hapo. Hakuna aliyeniambia nisiende, na hakuna aliyeniita. Kupitia kwenye matawi niliwaona wamechuchumaa kwenye ngazi, vichwa vitatu juu ya kitu kinachong'aa. Waliporudi, mwanangu alikuwa na kidole gumba cha pinki.

"Amesema tusitumie brashi," akanieleza. "Bibi alitumia kidole."

Mama hakunisema. Usiku alipakua chakula akanipa sahani yangu, akawa anaongea na wajukuu tu. Afadhali angenisema.

Sura ile ilikwisha. Mhariri wangu hakugusa hata sentensi moja. Aliniandikia kwamba inaonekana nimeuishi msiba huo. Najua kwamba ni sura nzuri. Nimejaribu kuiandika upya ili iwe mbaya kidogo, nimeshindwa. Utepe wa mashine uliisha, na mwanangu anapouliza mwingine namwambia haupatikani. Unapatikana.

Kabla hatujarudi Dar, binti wa marehemu alitualika kula. Alikuwa amepika ndizi na maharage kwenye sufuria lile, akaliweka mkekani katikati yetu na kufunua. Mvuke ukapanda. Watoto walikuwa wameshazoea nyumba ile, wakakaa bila kuambiwa, na mwanangu akawa anamwonyesha kila mtu ipi ni nukta yake: ile ya juu, iliyochuruzika kidogo.

"Karibu, dada," mwenyeji wetu akaniambia. "Chukua za chini, ndizo zimeiva."

Nikachukua. Mfuniko aliulaza pembeni ya goti langu, nukta zikiwa upande wangu. Sijui kama aliuweka hivyo makusudi. Nilikula mpaka nikamaliza, na aliponiongezea sikukataa.