Wimbo wa Mwisho wa Upande B

Kabla wimbo wowote wa kanda haujaanza, husikika kwanza ule mvumo, shhhh, kama mtu anayekuomba unyamaze. Wanangu wanauita kasoro. Mimi nikiusikia, pua yangu inanusa spiriti. Kila asubuhi Baba alichovya pamba kwenye spiriti akasafisha vichwa vya mashine zake, na duka letu dogo la kanda pale mjini Kisii likanuka kama chumba cha kudungia sindano. Wateja wengine walisita mlangoni, wakauliza kama daktari yupo.

Wiki jana mvumo huo ulinifikia kwenye simu. Niko katika kundi la mashabiki wa bendi ya Milima Saba, watu wazima wenye miwani na sukari, tusiochoka kubishana. Nyimbo za bendi yenyewe tulishazimaliza zamani. Hakuna harusi Kisii wala Nyamira ambayo hazijapigwa. Siku hizi tunatafuta zile kanda ambazo wanabendi walirekodi kila mtu kivyake baada ya kutengana, kanda ambazo wakati ule hakuna aliyezitaka. Mwimbaji mkuu alitoa moja ya kujisifu. Mpiga ngoma alitoa yake, na humo hakupiga ngoma hata mara moja, aliimba tu, masikini, na sasa tunamsikiliza kwa huruma. Ya tatu ni ya Mogaka, aliyekuwa akiimba sauti ya pili. Hiyo ndiyo tuliyoitafuta miaka yote bila kuipata. Mimi niliitafuta kuliko wote, na sikuwahi kuwaambia wenzangu sababu.

Sababu yenyewe ni kwamba mimi ndiye niliyeifuta.

Nilikuwa darasa la tano, wakati wa likizo ya Agosti. Sisi ni watu wa mjini. Babu yangu alikuja Kisii na biashara zake akaoa huku, basi nyumbani tuliswali, tukala chapati, na tukagombana kwa Kigusii. Kazi ya Baba ilikuwa kunakili kanda. Mashine yake ilikuwa na nafasi mbili: kushoto unaweka kanda yenye nyimbo, kulia unaweka tupu, unabonyeza, zinazunguka pamoja. Nilikuwa nimejifunza kuiendesha, na nilijiona bingwa.

Alhamisi moja alikuja Anti Moraa. Hakuwa ndugu yetu wa damu, bali rafiki wa nyumbani, karani katika ofisi moja mjini, mwanamke nadhifu ambaye hata bahasha zake hazikuwa na mkunjo. Mogaka alikuwa ndugu yake mdogo, na alikuwa ameshafariki, kwa homa, mbali na kwao. Kisa chao kilijulikana. Mama yao, bibi mmoja wa Nyamira aliyeitwa Kwamboka, alikuwa mtu wa kwaya, na hakutaka kusikia habari za bendi. Siku moja alichukua gitaa la mwanawe akalitia jikoni, likachemsha uji. Mogaka aliondoka siku hiyohiyo na hakurudi akiwa hai.

Sasa bibi alikuwa amesikia kwa watu kwamba ndani ya kanda ile mwanawe anasalimia watu. Waimbaji wetu wana desturi hiyo: wimbo wa mwisho huwa wa salamu, na mwimbaji hutaja majina ya wote anaowakumbuka moyoni. Kutajwa ni heshima, na kurukwa kila mtu anakuelewa. Bibi alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa, kusikia kama jina lake limo. Kama limo, basi mtoto alimsamehe. Alikuwa amemsumbua Anti Moraa kwa miezi, na Anti alikuwa akitoa visingizio, leo redio mbovu, kesho ofisi ina kazi nyingi.

"Nakili yote," alimwambia Baba, "lakini ule wimbo wa mwisho wa upande B uache. Uko na mikwaruzo mingi."

Mimi nilishangaa. Mikwaruzo ilikuwa nini kwa Baba? Lakini mteja ndiye mwenye kanda. Baba akaangalia namba za mashine, akaandika kwenye karatasi namba ambayo wimbo wa mwisho unaanzia.

Kesho yake, Ijumaa, akaenda msikitini akaniachia duka. Sheria yake ya Ijumaa ilikuwa moja. "Saa ya swala, sauti chini kabisa," alizoea kusema. "Watu wamesimama mbele ya Mungu, wewe uwapigie gitaa?" Kwa hiyo tulinakili kimyakimya, huku vigurudumu vikizunguka na spika zimezibwa mdomo.

Nilifungua bahasha ya Anti Moraa. Ndani kulikuwa na kanda mbili. Moja ilikuwa imechakaa, haina jalada, na maandishi yake ya kalamu yalikuwa yamefutika. Nyingine ilikuwa safi, na juu yake palibandikwa karatasi iliyopigwa taipu, MOGAKA, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Nani asingeamini taipu? Nilitia ile yenye jina upande wa kushoto, ile iliyochakaa nikaitia kulia.

Anti Moraa alikuwa ameandika jina mapema kwenye kanda tupu, kwa unadhifu wake. Na yule Mogaka, aliyejirekodia mwenyewe, hakujua desturi ya kuvunja vile vijino viwili mgongoni mwa kanda ili isiweze kurekodiwa juu. Basi mashine haikunikatalia. Ilizunguka kwa utii wote, ikachukua ukimya wa kanda mpya na kuumwaga juu ya sauti ya marehemu. Nilimaliza upande A nikageuza upande B. Ile namba ya Baba nilikuja kuikumbuka imeshapita, maana nilikuwa mlangoni natazama watu wakipakia ndizi. Nikakimbia nikazima.

Baba alirudi, akapandisha sauti kidogo kupima kazi. Shhhh. Akabadilisha kanda. Shhhh. Alizitazama zile kanda mbili, kisha akanitazama mimi, akakaa kwenye stuli na kuvua kofia yake. Hakunigombeza. Ningemshukuru kama angenichapa, kwa sababu kipigo kina mwisho.

Mwisho kabisa wa upande B kilikuwa kimebaki kipande. Nilikuwa nimekula mwanzo wa wimbo wa salamu, nikaacha mkia wake.

Jioni Anti Moraa alipokuja Baba alimweleza yote. Nilikuwa nyuma ya kaunta, machozi yamefika kidevuni. Anti aliilaza bahasha yake tupu juu ya kaunta, akainyoosha kwa kiganja. Kisha akasema, "Usilie, Zuhura. Ni kanda tu." Nikamwona mtu wa ajabu. Ndugu yake amefutika, naye anasema ni kanda tu! Alitaka kuichukua aondoke nayo, lakini Baba alikataa katakata, akasema lazima atafute nakala nyingine, na asipoipata ataenda Nyamira mwenyewe kumwomba bibi radhi.

Alitafuta wiki mbili. Alienda Marani siku ya soko, akaenda Kiogoro, akafika mpaka Tabaka kwa wachongaji mawe, ambako Mogaka aliwahi kuishi. Kila nyumba ilikuwa na kanda za Milima Saba. Ya Mogaka peke yake, watu walikuna vichwa.

"Hiyo ya Mogaka?" mzee mmoja wa Marani alimwambia. "Mimi nilirekodi mahubiri juu yake. Ilikuwa kanda nzuri, haikwaruzi."

Mwingine alikuwa amerekodi matangazo ya vifo. Kumbe nilikuwa na wenzangu wengi, tofauti ni kwamba wao walifuta kwa kupenda. Nilimwona Baba akirudi kila jioni mikono mitupu, na sikuwa na la kufanya ila kumletea maji ya kunawa.

Tukaenda Nyamira. Bibi Kwamboka alikuwa mdogo wa mwili, amevaa gauni lake la kanisani ingawa haikuwa siku ya kanisa. Redio ilikuwa tayari juu ya meza yenye kitambaa kilichofumwa, na betri zake alikuwa amezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Anti Moraa alikuwa ametangulia kufika. Baba alianza kuomba radhi kwa Kigusii cha heshima, mikono kifuani, lakini bibi hakuwa na haja ya maneno yake.

"Imebaki chochote?" akauliza.

"Kimebaki kipande cha mwisho, Mong'ina," Baba akasema, akitumia neno la heshima kwa mama mzee. "Kipande cha salamu."

"Mama, acha," Anti Moraa akadakia haraka. "Hiyo ni mikwaruzo tu, haina maana."

Lakini Baba, kwa uaminifu wake, alikuwa ameshatia kanda na kubonyeza.

Gitaa likaingia katikati ya wimbo. Sauti ya Mogaka ilikuwa nyembamba na ya upole, sauti iliyozoea kukaa nyuma ya wengine. Akamsalimia fundi wa redio. Akawasalimia wachongaji watatu wa Tabaka, mmoja mmoja. Akamsalimia mama muuza maandazi aliyemlisha kwa mkopo. Bibi alikuwa ameinama, kiganja nyuma ya sikio, midomo ikifuata kila jina. Akamsalimia mwenye nyumba. Gitaa likatoa sauti ya mwisho, likanyamaza.

"Langu liko wapi?" bibi akauliza.

Baba akanyoosha mkono aitoe kanda, bibi akamzuia.

"Rudisha nyuma."

Baba alirudisha. Sasa tulianzia mbali zaidi, na chumba kikajaa shhhh. Bibi akausikiliza mvumo ule kwa makini yaleyale, kiganja nyuma ya sikio, mpaka gitaa likaingia tena, na majina yaleyale yakapita tena, na lake halikuwemo. Akasema tena, "Rudisha nyuma." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nadhani tulirudisha mara nne, na betri zilianza kuchoka, hata Mogaka akawa anaimba kwa sauti nzito ya kizee.

Hapo Anti Moraa alipiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono.

"Liko mwanzo, mama. Alianza na wewe. Ndipo hapo palipofutika."

"Yaya," bibi akasema, yaani hapana. "Unanidanganya."

"Mimi nilisikia kabla haijafutika. Alisema, salamu kwanza kwa mama yangu Kwamboka aliyenilea, asihuzunike kwa ajili ya gitaa."

"Alisema gitaa?"

"Alisema."

Bibi alimrudisha kwenye maneno yale mara kadhaa, akamfanya ayaseme polepole. Kisha akalia, kilio kidogo, na alipomaliza akauliza ni nani aliyefuta. Baba akanisukuma mbele taratibu. Bibi akanivuta akanikalisha kando yake, akanipa ndizi mbivu, akasema mtoto hafungwi kwa kosa la mashine. Alifariki kabla ya mwaka kuisha.

Nimeishi na jambo hilo miaka yote hii. Wenzangu kundini wakisema wanatamani kusikia salamu za Mogaka, mimi namwona mwanamke mzee anayesikiliza ukimya, akitafuta ndani yake jina ambalo nilimnyang'anya.

Wiki jana mwanakikundi mmoja wa Tabaka, mwana wa mchongaji, aliikuta kanda ndani ya kopo katika karakana ya baba yake, imejaa vumbi jeupe la mawe. Ilikuwa nzima. Akairusha kundini. Watu walishangilia kama wamepata mtoto. Nilijifungia chumbani, nikaenda moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho wa upande B, kuanzia mwanzo wake.

Mogaka anaanza na rafiki yake wa Tabaka, aliyempa gitaa la pili baada ya la kwanza, anavyosema mwenyewe, kuwa kuni. Anamsalimia dereva. Anamsalimia dada yake Moraa kwa jina. Kisha fundi wa redio, na wale wengine ninaowajua. Nilirudisha nyuma. Niliweka kiganja nyuma ya sikio, bila kujua kwamba nafanya hivyo. Nilirudisha tena na tena. Mama yake hayumo.

Nilidhani siku nikigundua kwamba sikumnyang'anya mtu kitu ningepumua. Sikupumua. Nilikaa kitandani nikiukumbuka ule wimbo ambao Anti Moraa hakutaka unakiliwe, na visingizio vyake vya miezi, na lile "ni kanda tu" lake. Alikuwa amejitahidi kuficha wimbo mmoja peke yake, na mimi, mtoto mwenye haraka, nilifuta kanda nzima nikambakizia huohuo. Na bado lile pengo nililolifanya ndilo alilolishika, akaweka ndani yake salamu ambayo haikuwahi kuimbwa.

Nilimpigia. Ni mzee sasa, anaishi kulekule kwao, na hana simu ya kupokea mambo ya kundini. Nilimwambia kanda ya Mogaka imepatikana, nzima. Nikasikia kuku nyuma yake.

"Umesikiliza wimbo wa mwisho?" akauliza.

"Nimesikiliza, Anti."

"Kuanzia mwanzo?"

"Kuanzia mwanzo."

Akashusha pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo kichwani na kukuta hakuna pa kuuweka.

"Basi sasa tuko wawili," akasema.