Taa Tano za Madirisha Matano

Ofisini tulimwita Injinia, ingawa barua yake ya ajira ilisema fundi umeme. Jina alijipa mwenyewe. Sisi tuliliitikia ili kupunguza kelele.

Mkurugenzi alirudi kutoka semina akitaka taa ndogo juu ya madirisha yetu matano ya huduma. Ikimeta polepole, dirisha liko wazi. Ikimeta harakaharaka, anayefuata asogee. Injinia akachukua kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux, akafunga nyaya, akaandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Taa ya kwanza ikawaka, ikazimika. Ndipo ya pili nayo ikawaka. Zilipokezana kama ndugu wenye koti moja.

"Ndiyo usasa wenyewe huu?" mkurugenzi aliuliza.

Injinia akaenda kwa shemeji yake, dada wa mkewe, mwalimu wa kompyuta. Mwalimu alisoma mistari miwili tu, akacheka.

"Shemeji, umeiambia programu ilale. Ikilala, nyumba nzima imelala. Andika *await*: taa moja ikiwa inasubiri, iziachie nyingine nafasi zifanye kazi."

"Hilo nilikuwa nalijua," alisema Injinia, huku akinakili neno kwa neno.

Ijumaa taa zote zilimeta, kila moja kwa mwendo wake. Mkurugenzi akahutubia, tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Bibi mmoja aliyefuata cheti cha mjukuu wake akauliza, "Wanangu, dirisha lenye mtu ni lipi?"

Makarani wanne walikuwa wamekwenda kunywa chai tangu asubuhi.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Injinia aliona haya. Jumatatu akatega swichi chini ya mto wa kila kiti cha karani: hakuna makalio, hakuna taa. Kutwa nzima ilimeta moja tu.

"Taa zako mbovu!" mkurugenzi alifoka.

"Taa ni nzima, mkubwa. Viti ndivyo vitupu."

Wiki haikuisha, akahamishiwa stoo kuhesabu balbu. Swichi zilibaki, maana hakuna mwingine aliyejua kuzitoa. Makarani wakakaa kikao, kikao chao cha kwanza kuanza kwa wakati, wakapata dawa: anayetoka huacha rundo la mafaili kitini pake.

Sasa taa zote zinameta tangu asubuhi hadi jioni. Mkurugenzi ametunukiwa ngao ya huduma bora, na wananchi wanapanga foleni, kwa adabu zote, mbele ya mafaili.